Namba Nne Ilihesabiwa Mara Tatu

MAELEZO YA SHAHIDI

Yamechukuliwa kituoni, chumba cha upelelezi, Jumanne tarehe 12 mwezi wa nane, kuanzia saa tatu na dakika kumi asubuhi.

Jina: limeandikwa ndani ya jalada. Kazini naitwa Bibi Orodha.
Umri: miaka 31.
Kazi: karani wa kumbukumbu na kompyuta, ghala la baridi la kuhifadhi samaki na nyama.
Anapoishi: chumba cha uani, nyumbani kwa mtuhumiwa.
Uhusiano na mtuhumiwa: ni mjomba wangu, mdogo wake mama. Amenilea tangu nikiwa na miaka sita.

Nimekuja mwenyewe, sikuitwa. Naomba hilo liandikwe kwanza. Nimeonywa kwamba nikisema uongo nitashitakiwa, na nimeelewa. Afande ameniambia pia nikae, maana tangu niingie nimeshasimama mara tatu. Nitajaribu kukaa.

Mjomba, mlinzi wa mlango mliyemweka mahabusu tangu Jumamosi jioni, hakumfungia mtu kwa makusudi. Aliambiwa afunge. Aliyemwambia ni mimi.

Afande amesema nisianzie mwisho. Haya, nianze na kazi yetu ilivyo. Ghala lina wafanyakazi sitini na wawili na kila mmoja ana namba, kuanzia 1 hadi 62, kwa mpangilio wa kuajiriwa. Wenye namba fupi, yaani 1 hadi 9, ndio wakongwe, waliokuwepo kabla ukuta haujapakwa hata rangi. Namba 4 ni mama mmoja tunayemwita Mama Soksi kwa sababu huvaa soksi jozi tatu, na ukimcheka anakwambia, "Cheka tu, miguu ni yangu." Amebakiza miezi miwili astaafu.

Zamani watu walihesabiwa kwa ubao. Mjomba alikuwa na ubao wenye misumari sitini na miwili kwenye kibanda chake pale mlangoni. Ukiingia unatundika kibao chako chenye namba, ukitoka unakitoa. Kibao kikibaki msumarini, mlango haufungwi mpaka mwenyewe aonekane kwa macho. Hakukuwa na ufundi wowote, ila kwa miaka kumi na tisa hakuna aliyewahi kufungiwa ndani.

Mwezi wa kumi na mbili mwaka jana meneja alileta vifaa vya kusomea kadi, kimoja cha kuingilia na kimoja cha kutokea, kwenye mlango wa eneo la vyumba vya baridi; ofisi yangu na kibanda viko nje yake. Ukipitisha kadi kifaa kinalia na namba yako inaingia kwenye orodha. Kadi hupitishwa mara mbili tu kwa siku, asubuhi na wakati wa kufunga. Kwa hiyo kompyuta ikawa na orodha mbili, ya walioingia na ya waliotoka. Kilichokosekana ni kitu cha kuzilinganisha. Nikajitolea kuandika programu fupi, mistari kumi na minne tu. Kazi yake ni kuchukua kila namba iliyoingia, kuitafuta kwenye orodha ya waliotoka, na kuhesabu imeonekana mara ngapi. Ikiwa ni sifuri, mwenyewe yuko ndani na jina lake linatokea kwa maandishi mekundu. Ikiwa ni moja au zaidi, ametoka. Kama hakuna aliyekosekana inaandika WOTE WAMETOKA.

Niliijaribu siku mbili. Nilitumia namba yangu, 57, nikatumia ya mwenzangu wa stoo, 38, na ya dereva, 26. Tukiacha kupitisha kadi, majina yalitokea mekundu palepale. Meneja alipiga makofi. Sikujaribu namba fupi hata moja. Afande ameuliza kwa nini. Niliona namba ni namba.

Ubao ukaamriwa uondolewe. Mjomba aliutoa ukutani akaupachika nyuma ya mlango wa kibanda. Vijana walifurahi kuachana na vibao, wakongwe hawakuacha. Mama Soksi alikuwa akisema, "Mashine hiyo siijui, nayo hainijui." Anapitisha kadi, halafu anaenda kibandani kutundika kibao chake. Nilijua, nikanyamaza. Lakini nilikuwa naona haya, kwa sababu watu waliniuliza kwa utani kama mjomba wangu mwenyewe haniamini.

Sasa Jumamosi.

Mnamo tarehe 9 mwezi huu walikuja kazini watu ishirini na watatu. Jumamosi tunafunga saa saba mchana. Saa saba na dakika sita niliendesha programu mezani kwangu. Meneja alikuwa amesimama nyuma ya kiti changu pamoja na wageni wawili kutoka makao makuu, aliowaleta waje kuiona. Ilitoka WOTE WAMETOKA. Chini yake huwa kuna hesabu ya kila namba. Karibu zote zilikuwa na 1. Namba 4 ilikuwa na 3.

Nilikwisha kuzoea. Kwa miezi minane nilikuwa nikiona wakongwe wana mbili, tatu, hata tano, wakati vijana wote wana moja. Nilijiambia kwamba wazee hawaiamini mashine, wanapitisha kadi mara nyingi mpaka waridhike. Sikuwahi kwenda kumwuliza hata mmoja.

Mgeni mmoja aliuliza, "Hii tatu ni nini?"

Nikasema, "Huyo ni bibi yetu. Mashine ikilia mara moja haamini, mpaka ailize mara tatu."

Walicheka wote. Mimi pia nilicheka. Afande amesema hilo si lazima kuandikwa. Naomba liandikwe. Wakati nacheka, Mama Soksi alikuwa chumba namba mbili cha kugandisha, nyuzi kumi na nane chini ya sifuri, anahesabu maboksi.

Saa saba na dakika kumi na mbili mjomba alibisha hodi, akavua kofia. Alisema, "Mwanangu, samahani. Kuna kibao kimoja kimebaki msumarini. Cha Mama Soksi."

Meneja akageuka. "Mzee, ule ubao bado upo?"

Mjomba alikuwa ananiangalia mimi. Uso ulinichoma. Wageni walikuwa wameacha kuangalia kompyuta, wanamwangalia yeye na kofia yake mkononi, na mmoja alikuwa anatabasamu. Nikasema maneno haya, nayakumbuka yote: "Mjomba, wazee mnasahau. Amesahau kukitoa, basi. Mashine imeshahesabu. Funga mlango watu waende zao."

Akasema, "Nipite mara moja tu niangalie? Dakika mbili."

Meneja akasema wageni wana haraka, na ule mlango ukifunguliwa ovyo joto linaingia. Mimi nikasema, "Mjomba, tafadhali." Tafadhali ile haikuwa ya kuomba, nadhani naye alisikia.

Alivaa kofia akaondoka. Saa saba na dakika kumi na tisa alisukuma komeo la chumba namba mbili, akasaini daftari la mlango kwamba ndani ni tupu. Meneja akatia kufuli na kuondoka na ufunguo. Kengele ya ndani, ambayo mtu akifungiwa huibonyeza, ilikufa tangu mwezi wa sita. Fundi alisema atakuja kesho. Kesho ya fundi mnaijua.

Saa nane na robo tulikuwa nyumbani. Mjomba hakula. Alikaa, akainuka, akaenda hadi mlangoni, akarudi. Mkaza mjomba wangu akamwambia, "Mbona unahangaika kama kuku anayetaka kutaga? Kaa ule, chakula kinapoa."

Mjomba akaniuliza, "Alitoka saa ngapi yule? Mimi nilisimama mlangoni muda wote. Sikuuona mgongo wake."

Nikasema, "Labda alipita ukiwa umegeuka."

Akasema, "Labda." Alirudia hiyo labda mara mbili, kisha akaanza kutafuta viatu. Saa tisa kasorobo alitoka bila kuaga. Sikumfuata. Nilikuwa nimekasirika. Nilisema moyoni mwangu, mzee huyu hataniamini mpaka aingie kaburini. Mungu anisamehe, ndivyo nilivyosema.

Yaliyofuata sikuyaona, nimeelezwa na mlinzi wa zamu ya mchana. Mjomba alimpigia meneja simu mara tano, haikupokelewa. Saa tisa na dakika ishirini na tano alivunja komeo kwa mtaimbo. Mama Soksi alikuwa nyuma ya mlango, amekaa juu ya maboksi matupu, amejizungushia mifuko ya plastiki. Alikuwa hai. Mjomba alimbeba mgongoni hadi getini, yeye na miaka yake sitini na mitatu.

Meneja alifika saa kumi pamoja na polisi. Alisema mzee alisaini kwamba ndani ni tupu, kisha akarudi peke yake kuvunja, na kama hakujua kuna mtu ndani, alirudi kufanya nini. Akaongeza kwamba Alhamisi mjomba na Mama Soksi walizozana mbele za watu. Ni kweli, waligombea kiti cha kibandani. Hao wawili huzozana kila siku ya Mungu, na siku wasipozozana ndipo watu huuliza nani anaumwa. Mjomba alipoulizwa alisema neno moja tu: "Nilifunga mimi." Meneja hakutaja ofisi yangu, hakutaja wageni, hakunitaja mimi.

Mimi nilikuwepo. Mlinzi wa mchana alikuwa amenipigia simu, nikafika, nikasimama nyuma ya gari lenu la kituo. Nilimwona akiinama kuingia, na sikufungua mdomo. Afande ameniuliza kama niliogopa. Niliogopa, ndiyo. Lakini kibaya zaidi ni kwamba hata pale bado niliiamini ile programu. Nilidhani kuna mtu aliyechukua kadi ya Mama Soksi akampitishia.

Jumapili tarehe 10, saa nne asubuhi, nilikwenda ofisini. Nikafungua orodha ya waliotoka Jumamosi, nikaichapa kwenye karatasi, nikaanza kuihesabu kwa kidole. Mjomba ndiye aliyenifundisha kuhesabu hivyo nikiwa mdogo, kwa vizibo vya chupa: gusa, taja, sogeza. Waliotoka walikuwa ishirini na wawili. Walioingia walikuwa ishirini na watatu. Ningekuwa nimeweka hizo idadi mbili tu kwenye kioo, mtoto wa darasa la pili angejua kuna mtu ndani. Sikuziweka kwa sababu niliona zinajaza nafasi.

Namba 4 haikuwemo kabisa. Ilikuwemo 14. Ilikuwemo 41. Ilikuwemo 54.

Naomba nieleze, na afande ameniomba nieleze kwa Kiswahili cha watu. Nilipoandika ile amri ya kutafuta, sikuiambia kompyuta, "Nitafutie iliyo sawasawa na 4, yenyewe tupu, bila cha mbele wala cha nyuma." Niliiambia, "Nitafutie yoyote yenye 4 ndani yake." Ikaenda kwenye 14, ikaona 4 ndani yake, ikahesabu moja. Ikaenda kwenye 41, mbili. Ikaenda kwenye 54, tatu. Ni sawa na kwenda uwanjani kumwita mtoto mmoja, wakageuka watoto watatu wengine, ukarudi nyumbani ukasema yupo. Namba zenye tarakimu mbili hazikupata shida hiyo, kwa sababu hatuna namba za mia na kitu za kuzificha. Ni wakongwe tisa tu ambao mashine haikuweza kujua kama wako ndani au nje. Ilikuwa inawaona kwa wenzao. Zile mbili na tatu na tano nilizokuwa nikizichekea miezi minane hazikuwa za wazee kuliza mashine. Zilikuwa zinaniambia.

Kompyuta haikukosea. Ilifanya nilichoiagiza.

Nilibadilisha mstari mmoja. Nikaiendesha tena juu ya orodha ileile ya Jumamosi. Jina la Mama Soksi likatokea kwa wekundu, na mbele yake sifuri. Niliinuka nikazunguka ofisi, sijui mara ngapi, nikarudi nikakuta bado liko palepale.

Kisha nikafikiria siku nyingine. Kompyuta huhifadhi nakala ya orodha kila inapofika wakati wa kufunga. Nikaichukua miezi yote minane na kuiendesha siku kwa siku kwa mstari uliorekebishwa. Zilitokea siku nyingine tano ambazo programu yangu ya zamani ilisema WOTE WAMETOKA na kumbe kulikuwa na mkongwe bado ndani. Siku tano, na hakuna aliyedhurika wala aliyelalamika. Sikuelewa. Sikulala vizuri.

Jana, Jumatatu, saa moja asubuhi, mkaza mjomba alikuwa anatafuta koti la mjomba ampelekee mahabusu. Kwenye mfuko wa ndani akakuta daftari dogo la mistari. Alinipa bila kulifungua. Akasema, "Wewe ndiye msomi, angalia kama lina maana." Nimeliambatanisha hapa pamoja na karatasi za kompyuta. Nitasoma mawili tu, mengine afande atajisomea.

"Mwezi wa pili tarehe 18. Mashine inasema wote. Kibao cha namba 2 kipo. Nimeingia, nimemkuta anafunga kamba ya buti lake. Nimemtoa. Sikumwambia mtoto, ataona haya."

"Mwezi wa tano tarehe 6. Mashine inasema wote. Kibao cha namba 7 kipo. Nimeingia nimemtoa. Mtoto bado sijamwambia. Nitatafuta siku nzuri."

Ziko tano. Niliziweka pembeni ya karatasi zangu, tarehe kwa tarehe, namba kwa namba. Zinalingana zote, hakuna iliyozidi wala iliyopungua. Miezi minane mjomba wangu alikuwa anapita nyuma yangu kurekebisha hesabu yangu kwa miguu yake, na mimi nilikuwa najivuna mezani. Siku pekee ambayo hakupita ni siku niliyomwaibisha mbele za watu. Ukurasa wa mwisho ni wa Jumamosi: "Kibao cha namba 4 kipo. Nimeambiwa mashine imeshahesabu." Hakuandika ni nani aliyemwambia.

Jana hiyohiyo, saa kumi jioni, nilikwenda hospitali. Mama Soksi alikuwa ameketi kitandani, mkono wa kushoto umefungwa. Alikuwa amevua glovu ili ahesabu maboksi, na daktari anasema vidole viwili havitapona. Vya miguu ni vizima, vimeokolewa na zile jozi tatu. Nilikuwa nimejiandalia maneno mengi ya kumwambia. Nikapiga magoti nikamwambia moja tu, kwamba ni mimi.

Akasema, "Maboksi yalikuwa mia mbili na kumi na moja. Kwenye karatasi yenu mmeandika mia mbili na kumi na mbili. Nilirudi ndani kwa ajili ya hilo moja." Akauliza, "Mzee wako wamemwachia?"

Nikasema bado.

Akasema, "Basi unapiga magoti hapa kufanya nini?" Akageukia ukutani.

Ndiyo sababu niko hapa tangu saa moja na nusu, kabla dawati halijafunguliwa. Siombi kuhurumiwa. Mtu aliyesaini daftari la mlango alifanya hivyo kwa neno langu, na mtu aliyevunja komeo alifanya hivyo kwa akili yake mwenyewe, na laiti asingefanya mngekuwa mnaandika jalada la aina nyingine. Kama kuna wa kuwekwa ndani, nipo. Kama ni meneja na kengele yake iliyokufa, ofisi yake mnaijua.

Nimeyasema haya kwa hiari yangu, sijaongeza na sijapunguza, na hesabu zote zilizomo nimezirudia kwa kidole.

Sahihi ya shahidi: (imetiwa)
Saa tano kasoro dakika kumi asubuhi.

MAELEZO YA AFISA

Nimemsomea shahidi maelezo yake yote. Ameyakubali. Alisahihisha sehemu moja, ambapo niliandika saa saba na dakika kumi na mbili kuwa ndiyo wakati mlango ulipofungwa. Amesema huo ni wakati ambao bado ungeweza kufunguliwa. Nimepokea kielelezo A, karatasi saba zilizochapwa kutoka kompyuta, na kielelezo B, daftari dogo la mistari.

Mtuhumiwa aliletwa chumbani saa tano na robo, shahidi akiwepo. Nilimwuliza kwa nini hakusema kwamba aliagizwa na shahidi. Alijibu, nami nanukuu: "Huyu kuhesabu nilimfundisha mimi, kwa vizibo, nyumbani kwangu. Hesabu ikikosewa, anayeulizwa si mwalimu?" Shahidi alijibu, "Ulinifundisha nikiguse kila kimoja, mjomba. Sikugusa." Sikuandika zaidi kwa wakati huo, wote wawili hawakuwa katika hali ya kuhojiwa.

Mtuhumiwa ameachiwa saa sita na nusu mchana. Meneja ameitwa kufika kesho saa mbili asubuhi. Shahidi ameelekezwa asisafiri.

Kabla ya kuondoka, shahidi aliomba kuona daftari la mahabusu, mstari ulioandikwa kwamba mjomba wake ametoka. Nilimwambia si lazima, mwenyewe amesimama mbele yake. Aliomba tena. Nilimwonyesha. Aliweka kidole akasoma jina lote, la kwanza, la kati na la mwisho, akamtazama mzee, kisha akafunga daftari.